KOMPYUTA HAIJUI HAKI, INAJUA MAAGIZO TU



Siku hizi mahali pengi, viwandani na mashambani, mshahara hauhesabiwi tena kwa kalamu na daftari. Mchuma chai huweka kikapu chake juu ya mizani ya umeme, namba hutokea kwenye kioo kidogo, na mwisho wa mwezi fedha huingia katika akaunti au katika simu. Fedha zikipungua, mfanyakazi huenda ofisini kuuliza. Karani hutazama kioo chake na kujibu: "Kompyuta ndiyo imesema hivyo." Hapo mazungumzo huisha.

Katika makala hii tunataka kueleza kompyuta ni kitu gani, programu hutungwa namna gani, na kwa nini jibu hilo la karani halitoshi. Mambo haya si ya mainjinia peke yao. Mtu yeyote anayejua kujumlisha na kutoa anaweza kuyafahamu.

KOMPYUTA NI KITU GANI?

Kompyuta ni mashine ya kuhesabu na kuhifadhi habari. Ina mahali pa kupokea habari, kama vile vibonye au mizani. Ina kumbukumbu ya kuziweka. Ina kiini cha kufanyia hesabu. Na ina mahali pa kutolea majibu, kama vile kioo au karatasi.

Ndani ya kiini hicho mna swichi ndogo mno, mabilioni kwa mabilioni. Kila swichi ina hali mbili tu: imewashwa au imezimwa. Iliyowashwa huandikwa 1, iliyozimwa huandikwa 0. Tuseme tuna taa nne mlangoni pa kiwanda, tumekubaliana kwamba ya kwanza kushoto ina thamani ya 8, ya pili 4, ya tatu 2, na ya mwisho 1. Tukiwasha ya kwanza, ya pili na ya mwisho, tumeandika 8 na 4 na 1, yaani 13. Kwa kompyuta namba hiyo ni 1101. Kilo za chai, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuajiriwa, yote huhifadhiwa kwa njia hii.

Basi mashine hii ni ya haraka sana, lakini haina fikra. Haijui chai ni nini wala mshahara ni nini. Hufanya kile tu ilichoagizwa, na maagizo hayo ndiyo huitwa programu.

KAZI ZA KWANZA ZA OFISI ZILIKUWA MIKATE NA MISHAHARA

Wengi hudhani kompyuta ilifika kwa mfanyakazi baadaye sana. Sivyo. Kampuni ya kwanza duniani kuiweka kompyuta katika kazi za kila siku za ofisi ilikuwa ya biashara ya chai na mikate, J. Lyons ya London. Mashine yao iliitwa LEO, na mwaka 1951 ilianza kuhesabu gharama za mikate. Mwaka 1954 ikawa inahesabu mishahara ya wafanyakazi. Hesabu ya mtu mmoja, iliyomchukua karani mzoefu dakika 8 hivi, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Lakini tuangalie jambo moja. Kabla ya kuiamini, Lyons waliendesha hesabu mbili pamoja: ya mashine na ya makarani, wakilinganisha majibu. Wenye mashine wenyewe walijua kwamba kasi ni jambo moja na usahihi ni jambo jingine.

PROGRAMU HUTUNGWA NAMNA GANI?

Msimamizi akimwambia mchumaji mpya, "Chuma majani," mchumaji atauliza, atatazama wenzake, ataona kwamba wanachuma majani mawili na chipukizi, wanaacha majani makongwe. Kompyuta haina wenzake wa kutazama. Ni lazima kila hatua iandikwe, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Tuchukue mfano unaotuhusu: kodi ya mshahara. Kwa sheria ya kodi ya mwaka 2022, viwango vinavyotumika tangu Novemba 2023 kwa mfanyakazi wa kudumu vinaweza kuandikwa hivi (kibarua wa siku ana kanuni yake mbali):

1. Pokea mshahara wa mwezi.
2. Ikiwa mshahara hauzidi faranga 60,000, kodi ni 0. Nenda hatua ya 6.
3. Ikiwa hauzidi 100,000, kodi ni asilimia 10 ya kiasi kilichozidi 60,000. Nenda hatua ya 6.
4. Ikiwa hauzidi 200,000, kodi ni 4,000 pamoja na asilimia 20 ya kiasi kilichozidi 100,000. Nenda hatua ya 6.
5. Ikiwa umezidi 200,000, kodi ni 24,000 pamoja na asilimia 30 ya kiasi kilichozidi 200,000.
6. Andika kodi. Chukua mfanyakazi anayefuata.

Ndugu msomaji, hiyo ni programu. Mtunzi wa programu ataiandika kwa lugha ya kompyuta, lakini mawazo ni hayo hayo: pokea, pima sharti, hesabu, andika, rudia.

Tuijaribu kwa mkono. Mfanyakazi analipwa faranga 150,000. Hatua ya 2 haimhusu, ya 3 haimhusu, ya 4 inamhusu. Kilichozidi 100,000 ni 50,000, asilimia 20 yake ni 10,000, ongeza 4,000. Kodi yake ni faranga 14,000.

KOSA DOGO, HASARA KUBWA

Sasa tuseme mtunzi wa programu alikuwa amechoka, na katika hatua ya 4 akaandika "asilimia 20 ya mshahara" badala ya "asilimia 20 ya kiasi kilichozidi 100,000". Kodi ya mfanyakazi yule yule itakuwa 34,000. Amepoteza 20,000 kila mwezi. Wakiwa wafanyakazi 200 wa mshahara huo, ni faranga 4,000,000 kwa mwezi. Kompyuta haitashtuka. Itaandika 34,000 kwa herufi safi, mwezi baada ya mwezi, na karatasi itaonekana nzuri.

Kosa la pili ni la programu iliyoachwa nyuma na sheria. Kabla ya Novemba 2023, kiasi cha kati ya 60,000 na 100,000 kilikatwa asilimia 20, na kilichozidi 100,000 kilikatwa asilimia 30. Kwa kanuni hiyo mshahara wa 150,000 ulitoa kodi ya 23,000. Ofisi ambayo haikubadilisha programu yake ingeendelea kumkata mtu huyo faranga 9,000 zaidi ya haki.

Hata hivyo, si kila upungufu ni kosa. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni unaopelekwa RSSB ulipanda: mfanyakazi aliyekuwa akikatwa asilimia 3 sasa hukatwa 6, na mwajiri naye hutoa 6. Kwa mshahara wa 150,000, makato hayo yalitoka 4,500 yakafika 9,000. Mwenye kuijua hesabu hii hatagombana na karani bure, na atajua pia kuuliza kama ile sehemu ya mwajiri imepelekwa.

Kosa la tatu liko kwenye mizani, nalo ni la kujificha. Mchumaji amepima mara tatu kwa siku: kilo 14.6, kilo 11.7 na kilo 9.8. Jumla ni kilo 36.1. Lakini programu ikiagizwa kutupa sehemu iliyo baada ya nukta kila mara kikapu kinapopimwa, itahesabu 14 na 11 na 9, yaani 34. Kilo 2.1 zimepotea. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 54.6, zaidi ya uchumaji wa siku nzima. Programu ikijumlisha kwanza ndipo itupe sehemu ya nukta, hasara ni gramu 100 tu kwa siku. Agizo ni lile lile. Limehamishwa mahali tu. Hapa hakuna aliyekanyaga mizani wala aliyebadilisha daftari, lakini jasho la mtu limekwenda.

YALIYOWAPATA WENGINE

Jirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili mapema. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye mashine, kazi ikitegemea sana wataalamu wa kigeni, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, kwa kuwa ugonjwa haukuwa mashine. Ugonjwa ulikuwa kuweka hesabu ya taifa mahali ambapo wenyeji wachache mno waliweza kuikagua.

Mkasa wa Uingereza ni mzito zaidi. Mwaka 1999 shirika la posta la huko lilianza kuweka katika vituo vyake programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Programu ilikuwa na makosa, ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Waendeshaji wa vituo waliambiwa walipe au washtakiwe. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi au udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mahakama ziliichukulia kompyuta kuwa shahidi asiyekosea.

Wengi wao waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa: ni wewe peke yako mwenye shida hii. Haikuwa kweli. Mmoja wao, Alan Bates, aliwakusanya wenzake, na watu 555 wakafungua kesi moja. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba programu ile ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Mmoja mmoja walionekana wezi. Walipoweka karatasi zao mezani pamoja, kosa la mashine lilionekana.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kompyuta ikataliwe. Karani wa zamani naye alikosea, na daftari lake liliweza kuchanwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta ni daftari. Tunachosema ni kwamba daftari hilo lazima liweze kusomwa na anayeandikwa ndani yake.

Kwanza, kila mmoja aweke kumbukumbu yake: kilo kila zinapopimwa, siku za kazi, saa za ziada, na karatasi ya mshahara ya kila mwezi. Bila hiyo hatuna cha kulinganisha.

Pili, wajumbe wetu wapeleke maswali haya kwa mwajiri, na waombe yajibiwe kwa Kinyarwanda au Kiswahili chepesi:

- Programu ya mishahara na ya mizani ilitungwa na nani, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha?
- Sehemu iliyo baada ya nukta hutupwa wakati gani, na uzito wa kikapu unaotolewa ni kiasi gani?
- Sheria ya kodi au ya pensheni inapobadilika, nani hubadilisha programu, na nani huijaribu kabla ya kulipa?
- Anayeona kosa aende kwa nani, na hesabu za nyuma huhifadhiwa muda gani?

Tatu, tufahamu kwamba sheria iko upande wa anayeuliza. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13/10/2021, inayohusu ulinzi wa data za mtu binafsi, inampa mtu haki ya kuona habari zake zilizohifadhiwa na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Kilo zako na makato yako ni habari zako.

Nne, tujifunze. Kijana mwenye hamu aanze na karatasi: aandike kwa hatua jinsi ya kuhesabu saa za ziada, kisha ampe mwenzake azifuate neno kwa neno, bila kumsaidia. Mahali mwenzake atakapokwama ndipo programu ilipo na kasoro. Akishaweza hilo, lugha kama Python, iliyoanzishwa na Guido van Rossum wa Uholanzi na kutolewa mwaka 1991, hupatikana bure. Hapa Kigali kLab imekuwa ikikusanya vijana wa kazi hii tangu mwaka 2012, na huko Nyabihu shule ya sekondari ya kufundisha utunzi wa programu, Rwanda Coding Academy, ilifunguliwa mwaka 2019. Watoto wa wachuma chai nao wana haki ya kuyajua haya.

Mwisho, tunashauri kila tawi lichague wajumbe wawili wanaopenda hesabu. Mwisho wa mwezi wachukue karatasi kumi za mishahara, kwa ridhaa ya wenyewe, wazipitishe kwa mkono katika hatua sita tulizoziandika hapo juu. Zikilingana, vizuri, tutafanya kazi kwa moyo mweupe. Zisipolingana, wasiende mmoja mmoja. Waende na karatasi zote kumi, na karani akisema kompyuta ndiyo imesema, wamuulize kwa upole: nani aliiagiza iseme hivyo?