Mbunge na mswada wa ugaidi: kazi imo katika vifungu

Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge la Kitaifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama huku karatasi zikichanwa, maji yakimwagwa na waheshimiwa wakishikana mashati. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile kwa vurugu zake. Kwa anayefuatilia utungaji wa sheria, hasara kubwa zaidi ilikuwa kwamba kelele zilizima hatua ambayo mbunge huihitaji kuliko zote panapozungumzwa usalama wa nchi, yaani Kamati ya Bunge Zima.

Mswada unaposomwa mara ya pili, wabunge hujadili shabaha yake kwa jumla. Hapo ndipo penye hotuba, na hotuba kuhusu ugaidi si ngumu kutoa, maana hakuna mbunge anayeunga mkono mauaji. Hatua hiyo ikipita, Bunge hugeuka kamati na kuupitia mswada kifungu baada ya kifungu. Mbunge anaweza kupendekeza neno moja liondolewe, muda wa kumzuilia mshukiwa ufupishwe, au polisi watakiwe kwenda kwanza kwa hakimu. Kamera hazipendi kazi hii, lakini uhuru wa raia huamuliwa hapo.

Haraka ya Desemba ile ilikuwa na sababu, na ni haki kuitaja. Mwaka uliotangulia watu 67 walikuwa wameuawa katika jengo la Westgate jijini Nairobi. Juni 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni, kaunti ya Lamu. Novemba 22, karibu na Mandera, abiria 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa; siku kumi baadaye, Desemba 2, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe wakauawa katika kaunti hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo akang'atuka, na Joseph Nkaissery akateuliwa kuwa waziri wa usalama wa ndani. Walimu waliokuwa kaskazini mashariki walikuwa wanaomba uhamisho. Mbunge aliyesimama kudai serikali ichukue hatua alikuwa anabeba kilio cha watu wake, wala hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Ila hofu, hata ikiwa ya kweli, haimsaidii mtu kuandika kifungu kizuri. Chukua kile kilichoongezwa kwenye Kanuni ya Adhabu kwa jina la 66A. Kiliharamisha kuchapisha au kusambaza maudhui ya matusi, vitisho au uchochezi, au picha za waliokufa au kujeruhiwa, zinazoelekea kuutia umma hofu au kuvuruga amani. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kisome polepole. Nani atakayepima kwamba picha “inaelekea” kutia hofu? Mhariri anayeonyesha damu sakafuni ili wananchi wajue ulinzi ulilegea wapi, na shabiki wa kundi la kigaidi la Al-Shabaab anayeisambaza picha ile ile kwa kujisifu, wametiwa kapu moja. Kifungu hakikuuliza nia ya mtu wala hakikujali kama habari ni ya kweli. Hayo ni maswali mawili ambayo mbunge mmoja makini angeweza kuyaleta kama marekebisho, na kifungu kikabaki na makali dhidi ya mchochezi bila kumgusa mwanahabari.

Muungano wa upinzani, CORD, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, walikwenda Mahakama Kuu. Mapema Januari 2015 Jaji George Odunga alisimamisha baadhi ya vifungu kwa muda, na Februari 23 majaji watano wakafuta vinane. Kifungu cha 66A kilikuwa miongoni mwavyo. Kingine kilichoanguka kilitaka wakimbizi na waomba hifadhi nchini wasizidi 150,000, wakati Kenya ilikuwa na zaidi ya laki tano, wengi wao Dadaab na Kakuma. Kukitekeleza kungemaanisha kuwarudisha watu kwenye vita walivyovikimbia, jambo ambalo sheria ya kimataifa ya wakimbizi inakataza.

Majaji hawakuibomoa sheria yote, na hapa ndipo wanaoshangilia uamuzi ule hupitiwa. Vifungu vinavyoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi vilibaki. Lakini kimojawapo, cha 36A katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kina kufuli ambayo ufunguo wake uko Bungeni: waziri ndiye anayetunga kanuni za namna ya kunasa, nazo haziwezi kuanza kutumika mpaka Bunge la Kitaifa liziidhinishe. Kanuni za aina hii huletwa zikiwa kurasa nyingi za taratibu, bila shamrashamra. Mbunge aliyepiga kelele Desemba kisha akazipitisha kanuni bila kuzisoma atakuwa ametoa kwa mkono wa pili alichokitetea kwa mkono wa kwanza.

Na kutunga sheria ni nusu tu ya kazi. Katiba ya 2010, Ibara ya 238, inauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Ibara ya 125 inazipa kamati za Bunge nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita shahidi, kumwapisha na kudai hati. Baada ya Westgate kamati mbili zilichunguza kwa pamoja na kuleta ripoti, kisha Machi 2014 Bunge lenyewe likaikataa. Inawezekana ripoti ilikuwa na kasoro. Lakini kuikataa bila kuagiza nyingine kuliwaacha jamaa za waliokufa bila maelezo ya nani alijua nini kabla ya risasi ya kwanza, na kulivipa vyombo vya usalama ujumbe kwamba uchunguzi wa Bunge unaweza kungojewa upite.

Aprili 2, 2015, wiki chache tu baada ya hukumu ile, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Shambulio lilianza alfajiri. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi, na jioni ndipo mauaji yalipokomeshwa. Wapo waliosema majaji ndio waliowafunga polisi mikono. Siwezi kukubali. Hakuna hata kimoja katika vifungu vinane vilivyofutwa ambacho kingeharakisha ndege ya kukileta kikosi hicho kuruka. Kilichohitajika ni kamati kumketisha kila aliyekuwa na dhamana siku ile na kumuuliza, chini ya kiapo, taarifa ya kwanza aliipokea saa ngapi, alimpigia nani, ndege ilikuwa wapi, na kwa nini chuo kilichokuwa katika kaunti ya mpakani, wakati tahadhari juu ya vyuo vikuu zilikuwa zimekwisha kutolewa, kililindwa na askari wachache namna ile.