Kuizoeza Mikono ya Mtoto kwa Vyombo vya Nyumbani

Watoto wengi huingia shule hali vidole vyao havijawa tayari kuishika kalamu. Mtoto wa namna hii huikamata kalamu kwa ngumi, huchoka kabla wenziwe hawajafika mstari wa pili, na herufi zake hupanda na kushuka. Mara nyingi huitwa mvivu, na pengine hupigwa, ingawa viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001. Aghalabu kosa si lake. Mikono yake haikupata mazoezi ya kutosha, na mazoezi yenyewe hayahitaji fedha.

Jinsi mkono ukuavyo

Mkono wa mtu mzima una mifupa 27, na 8 kati yake imo katika kifundo. Mtoto azaliwapo, mifupa hiyo 8 ingali gegedu laini, nayo hukomaa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi. Mtoto hulimudu bega kwanza, kisha mkono, na mwisho vidole. Karibu na kutimiza mwaka mmoja huweza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 aweza kuiga duara. Wa miaka 4, msalaba. Wa miaka 5, pembetatu. Kwa hiyo kumlazimisha mtoto wa miaka 3 aandike jina lake ni kudai mavuno wakati wa palizi.

Jambo hili si geni. Daktari Maria Montessori wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa wanafunzi kazi za kumimina na kufunga vifungo, akiamini kwamba mkono huandaliwa kabla ya kuandika.

Kazi zifaazo

Kwanza, kukanda. Mama apikapo chapati, na ampe mtoto donge la unga alifinye, aliviringe kama nyoka, kisha alikate vipande. Udongo wa mfinyanzi wafaa vilevile. Kazi hii hutia nguvu kiganja kizima.

Pili, kumimina. Mtoto apewe vikombe viwili na mahindi makavu, amimine toka kimoja hadi kingine juu ya sinia. Akizoea, atumie maji. Asikemewe akimwaga, apewe kitambaa apanguse na kukikamua, maana kukamua nako ni zoezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, vibanio vya nguo. Mtoto avibane kwenye ukingo wa karai au kamba iliyo chini. Vidole vifunguavyo kibanio ndivyo vitakavyoishika kalamu.

Nne, kutunga. Mtu mzima atoboe vifuniko vya plastiki vya chupa, naye mtoto avitunge katika kamba ya kiatu.

Tano, kuchambua na kusuka. Mtoto wa miaka 4 au 5 aweza kuambua mbaazi na kutenga maharagwe mekundu na meupe. Huko pwani, mtoto aketiye kando ya nyanya yake asukaye ukili hupewa miyaa michache naye ajaribu. Watu huona ni mchezo tu, kumbe ni somo.

Robo saa kila siku yatosha. Mtoto akichoka, aachwe.

Mambo ya kuangaliwa

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe maharagwe, karanga, shanga wala vifuniko vidogo, kwa maana huweza kumkaba koo. Hata aliyezidi umri huo asiachwe peke yake navyo. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi, zina sumu kali, zisichezewe kamwe. Betri ndogo za saa zifichwe mbali, kwa kuwa ikimezwa moja huunguza umio kwa muda wa saa chache. Mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto apendaye kuandika kwa mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ni jambo jingine, na zote mbili zaweza kufundishwa bila kugombana. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka, naye hutumia mkono mmoja tu huku wa pili ameukunja ngumi daima, apelekwe zahanati achunguzwe, kwani huenda ni dalili ya udhaifu wa upande mmoja.

Baba na mama wasioweza kununua vitabu vya picha wasidhani kwamba hawana la kumpa mtoto kabla ya shule. Karai, unga na vibanio vyaweza kumpeleka darasani akiwa na mkono ulio tayari, asiogope kuitwa mbele ya ubao.