Kijani Kisicho Chakula: Kinga za Mimea, Ubora wa Lishe na Wanyama Walamimea katika Savana ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mwaka 1960, Hairston, Smith na Slobodkin walijadili swali linaloonekana jepesi: kwa nini dunia imebaki ya kijani ilhali walamimea ni wengi? Jibu lao lilikuwa kwamba wanyama wawindaji huzuia idadi ya walamimea isiongezeke, hivyo mimea husalia. Hoja hiyo ilipingwa kwa kuwa ilichukulia kila jani kuwa ni chakula. Makala haya yanafafanua upande huo wa pili wa mjadala kwa kuonyesha namna ubora wa lishe na kinga za mimea zinavyoamua ni mnyama gani ale nini, wapi na kwa kiasi gani. Mifano mikuu imetolewa Serengeti, Tanzania, na Laikipia, Kenya.

2.0 Ubora wa Lishe

Jani lina nishati nyingi, lakini sehemu kubwa ya nishati hiyo imo ndani ya selulosi, ambayo vimeng'enya vya mnyonyeshwaji mwenyewe haviwezi kuivunja. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi tumboni mwa wanyama wacheuao, au katika utumbo mpana wa wanyama kama pundamilia. Vijidudu hao nao huhitaji nitrojeni. Kadiri nyasi zinavyokomaa, kuta za seli huongezeka na protini hupungua. Protini ghafi ikishuka chini ya takribani asilimia 7 ya uzito mkavu, kazi ya vijidudu hudorora, chakula hukaa tumboni muda mrefu na mnyama hushindwa kula zaidi. Ndiyo maana ng'ombe aweza kukonda ilhali tumbo lake limejaa.

Athari hii hutofautiana kulingana na umbo la mnyama. Bell (1971) na Jarman (1974) walieleza kwamba mnyama mdogo huhitaji nishati nyingi kwa kila kilo ya mwili wake, lakini tumbo lake ni dogo. Digidigi mwenye kilo 5 hivi hulazimika kuchagua machipukizi na matunda. Nyati mwenye zaidi ya kilo 500 huweza kuishi kwa nyasi ngumu, mradi ziwe nyingi. Pundamilia, ambaye hacheui, hupitisha chakula upesi na hufidia udhaifu wa lishe kwa kula kingi. Hivyo, katika eneo lilelile, kinachohesabika kuwa malisho kwa mmoja si malisho kwa mwingine.

Madini nayo yana nafasi yake. McNaughton (1988) aligundua kwamba maeneo ya Serengeti ambako wanyama hukusanyika kwa wingi yana nyasi zenye magnesi, sodiamu na fosforasi nyingi kuliko maeneo ya jirani. Nyanda za nyasi fupi za kusini mashariki, zenye udongo wa majivu ya volkano, hupokea nyumbu majira ya mvua, wakati majike wanapozaa na kunyonyesha. Nyumbu huacha nyuma nyasi nyingi na ndefu zaidi. Wanachokifuata ni ubora.

3.0 Kinga za Mimea

Kinga za mimea ni za aina kuu mbili: za kimaumbile na za kikemikali. Miongoni mwa zile za kwanza ni miiba. Cooper na Owen-Smith (1986) walionyesha, kwa utafiti wa Afrika Kusini, kwamba miiba haiwazuii kabisa tandala, swala pala na mbuzi, bali hupunguza ukubwa wa tonge na kasi ya kula. Silika katika nyasi husaga meno na kupunguza umeng'enyaji. McNaughton na Tarrants (1983) walibaini kwamba nyasi za Serengeti zitokazo kwenye maeneo yanayolishwa sana hulimbikiza silika zaidi, na kwamba kukatwa kwa majani huchochea ulimbikizaji huo.

Miongoni mwa kinga za kikemikali, tanini ndiyo iliyoenea zaidi katika miti na vichaka. Tanini hushikamana na protini na kuifanya isipatikane kwa mnyama. Kwa sababu hiyo, kiwango cha protini kinachopimwa maabara chaweza kuwa kikubwa kuliko kile anachofaidi mlaji. Hata hivyo, athari hutegemea kipimo na mlaji. Mate ya baadhi ya wanyama walao majani ya miti yana protini zinazoinasa tanini kabla haijaleta madhara, na kiasi kidogo cha tanini huweza kuikinga protini isivunjwe mapema na vijidudu wa tumboni.

4.0 Mgunga na Sisimizi wa Laikipia

Mgunga aina ya *Vachellia drepanolobium*, uotao katika udongo mweusi wa mfinyanzi, unaunganisha kinga na gharama yake. Mti huu huwapa sisimizi makazi ndani ya miiba iliyovimba na chakula cha nekta. Nao hushambulia walaji. Goheen na Palmer (2010) walionyesha kwamba tembo huyakwepa matawi yenye sisimizi, lakini sisimizi wakiondolewa huyala kama wanavyokula mti wa jamii hiyohiyo usio na sisimizi.

Tangu mwaka 1995, baadhi ya vipande vya ardhi huko vimezungushiwa uzio unaozuia wanyama wakubwa. Ingetarajiwa miti iliyomo inawiri. Palmer na wenzake (2008) walikuta kinyume: baada ya miaka 10, miti hiyo ilikuwa imepunguza nekta na miiba iliyovimba. Sisimizi walinzi walipungua, nafasi yao ikachukuliwa na *Crematogaster sjostedti*, asiye mlinzi mzuri na anayeishi katika mashimo yaliyotobolewa na mbawakawa. Miti iliyokaliwa naye ilikua polepole na kufa zaidi. Kinga ambayo haikuhitajika tena iliachwa, na mti ukabaki wazi kwa adui mwingine.

Kinga hiyo ikivunjwa, madhara hayaishii kwenye mti. Kamaru na wenzake (2024) waliripoti kwamba sisimizi mgeni, *Pheidole megacephala*, huwaua sisimizi walinzi. Tembo huvunja miti, maficho ya simba hupungua, na simba hukamata pundamilia wachache zaidi na kugeukia nyati.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonyesha kwamba wingi wa mimea pekee ni kipimo dhaifu cha uwezo wa ardhi kulisha wanyama. Makadirio ya malisho yanayopima uzito wa nyasi bila kupima protini, madini na kinga yanaweza kuhesabu kuwa chakula kile ambacho mnyama hawezi kukitumia, na hasara hiyo humwangukia mfugaji mwishoni mwa kiangazi. Vilevile, mfano wa Laikipia unatahadharisha kwamba kuwaondoa walamimea si lazima kuilinde mimea. Wawindaji wana nafasi yao, kama walivyodai watafiti wa mwaka 1960. Lakini hata pasipo mwindaji, sehemu kubwa ya kijani kinachoonekana haliki kwa faida.