Saa Saba za Kungoja Meli Bukavu

Mwaka 2014 nilitumwa kupeleka sanduku la vitabu vya shule kutoka Uvira mpaka Goma. Tuliondoka alfajiri kwa njia ya Kamanyola, tukapanda milima ya Ngomo, ambako barabara hujipinda juu ya bonde hata abiria hodari hufumba macho, na saa nne asubuhi tukashuka Bukavu. Meli ya usiku ilikuwa ing'oe nanga saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na saa saba mkononi.

Nilizitumiaje? Nililikalia sanduku langu bandarini. Niliogopa wezi, niliogopa mvua, niliogopa kwamba meli itaondoka kabla ya wakati, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe. Adhuhuri usingizi ukanichukua. Nilipoamka, watu walikuwa wanaanza kupanda.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nililificha kwa muda. Huko Kadutu, juu mlimani, alikaa shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilipia karo ya mwaka wa mwisho wa shule, kwa faranga alizozipata kwa kuuza maharagwe. Kutoka bandarini mpaka kwake pikipiki yafika upesi. Kwa miguu ni kupanda na kutoka jasho, lakini si safari. Nilijiambia: nitamsalimu nikirudi. Nikarudi kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata shangazi akafariki.

Mwaka 2016 nilipita tena, saa zile zile, meli ya jioni ile ile. Safari hii niliuliza watu wa bandarini, na mzee mwenye ghala akaniwekea mzigo wangu kwa malipo madogo kuliko bei ya chakula cha mchana. Miaka miwili nilikuwa nimejidanganya kwamba jambo hilo haliwezekani! Nikapanda Kadutu. Binti wa shangazi akanipokea, akanipa kiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

“Kaka, siku ile mama alijua kwamba upo.”

Jirani yao muuza ndizi alikuwa amenitambua bandarini, akapanda na habari: mtoto wa ndugu yako amelala juu ya sanduku. Kijana mmoja wa nyumbani akataka kushuka kuniamsha. Shangazi akamkataza, akisema, “Mwacheni apumzike, ametoka mbali. Atapanda mwenyewe.” Akatwanga sombe, akakaanga sambaza, akavaa kitenge chake cha Jumapili. Chakula kilifunikwa mpaka giza likaingia.

Sikuwa na la kujibu. Nilikula nilichopewa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afanye nini katika mji mkubwa akiwa na saa chache tu, namwuliza kwanza: una nani pale? Akiwa na mtu, shauri limekwisha. Mzigo utafutiwe mahali, tiketi ikatwe mapema, saa ya meli iulizwe kwa watu wawili wasiojuana, halafu aende kusalimu. Hata nusu saa yatosha. Kwetu mtu hapimi urefu wa ziara. Huuliza tu kama ulifika.

Asiye na mtu je? Hapo ndipo mji wenyewe waweza kumkaribisha, mradi asitake kuumaliza wote. Wapo watakaomshauri akimbilie mbuga ya Kahuzi-Biega kutazama masokwe. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970, na sifa zake ni za kweli. Lakini lango la Tshivanga liko kiasi cha kilometa 30 kutoka mjini, na masokwe hawatoki msituni kwa sababu mgeni ana haraka. Jambo hilo lataka siku nzima. Mwenye saa saba atarudi amechoka, hakuona kitu, na meli imekwenda.

Mimi siku ile, nilipotoka Kadutu, nilikuwa na saa tatu zilizobaki. Nilitelemka mpaka kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani. Huko yuko kaburini Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeuawa mjini humo jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia. Wengi waliokuwa na nguvu walikuwa wamekwisha kuondoka. Yeye alibaki na watu wake. Pale hapahitaji kiongozi wala tiketi. Mama mmoja alikuwa akifagia. Nilisimama kiasi cha rozari moja, nikaenda zangu.

Kisha nikafuata barabara ielekeayo ziwani. Bukavu, msomaji, haukujengwa kama miji mingine. Nchi imeingia ziwa Kivu kama vidole vitano vya mkono, na nyumba zimepanda juu ya vidole hivyo na juu ya vilima vilivyo nyuma, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, ndiyo maana jua lake halichomi kama la Uvira. Rasi mojawapo huitwa kwa Kifaransa La Botte, kwa kuwa ina umbo la kiatu kirefu. Wabelgiji waliupa mji jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, mkubwa mmoja wa serikali yao. Jina hilo likaachwa katika miaka ya 1950. Wazee wa Kishi husimulia kwamba Bukavu latokana na neno lao la mahali pa ng'ombe. Ng'ombe sikuwaona. Niliwaona wanafunzi wakirudi shuleni, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Mwenye miguu mizuri aende mpaka mto Ruzizi, unapotoka ziwani na kuigawa Kongo na Rwanda. Zamani sana maji ya ziwa hili yalikwenda kaskazini. Volkeno za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likapasua mlango mpya kusini. Mimi niliyezaliwa karibu na Tanganyika, ambako Ruzizi huishia, nilifurahi kuona yanapoanza maji ya kwetu.

Napaswa kuongeza neno kwa wasafiri wa leo. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuingia mji, na tangu hapo habari za barabara, meli na uwanja wa ndege wa Kavumu zimebadilika mara kwa mara. Asiondoke mtu kwa kutegemea niliyoyaandika kuhusu saa na njia. Na aulize kwanza kwa waliopita juzi.

Mwaka ule wa 2016 nilifika bandarini saa kumi na nusu, sanduku likiwa salama. Binti wa shangazi alikuwa ametangulia, ananingoja na kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na sambaza. Samaki hao wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo mtu wa Bukavu hawezi kufikiri meza bila wao. “Hata hawa ni watu wa kwenu,” akanitania, lakini macho yake hayakucheka.

Meli iliondoka jua likizama. Wavuvi walikuwa wakitoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwaka mmoja baada ya mwingine, na wimbo wa wapiga makasia ukatufuata juu ya maji. Nilikifungua kifurushi tulipoikaribia Idjwi. Zilikuwa bado na joto kidogo.