Hadhira Inapomfikia Mwandishi Kabla ya Mwisho wa Hadithi

Katika karatasi ya tatu, watahiniwa wengi huandika: "Fasihi simulizi hubadilika kutegemea hadhira, fasihi andishi haibadiliki." Utapata alama. Lakini swali likikutaka ujadili uhusiano wa mwandishi na wasomaji wake, sentensi hiyo haitakufikisha mbali.

Anza na unachokijua. Kogo akiwasimulia watoto habari za Chemosit jioni, huwatazama nyuso. Wakiogopa mno, zimwi hupunguzwa makali. Wakisinzia, huletewa wimbo. Riwaya ya Nguu za Jadi, kwa upande mwingine, ilikufikia imekamilika. Ukimchukia mhusika, Clara Momanyi hawezi kukubadilishia sura inayofuata.

Kati ya hizi mbili kuna hadithi ya mfululizo, na hapa ndipo penye utamu. Riwaya ya David Copperfield ya Charles Dickens ilitoka kwa sehemu za kila mwezi, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Katika toleo la Desemba 1849 alitokea Miss Mowcher, mwanamke mfupi sana wa kimo, mwingi wa mzaha na umbea. Jirani mmoja wa Dickens, mwenye kimo kama hicho, alijitambua. Akamwandikia kuwa amemuumiza. Dickens aliomba radhi na kuahidi kurekebisha.

Angerekebishaje? Toleo lilikwisha kuuzwa. Zingatia mbinu aliyotumia: hakufuta kitu. Miss Mowcher anarudi katika sura ya 32 akiwa na huzuni, akieleza kuwa alidanganywa na kwamba mzaha ni ngao yake dhidi ya wanaomdharau. Yaliyotangulia yamebaki vilevile, ila maana yake imegeuka. Mtahiniwa anayeona hilo ameelewa usawiri wa wahusika kuliko anayeorodhesha sifa kumi. (Ndiyo, orodha za sifa zisizo na mifano hutuchosha sana sisi watahini.)

Kwa jirani zetu Tanzania, mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza mwaka 1993 katika Radio Tanzania. Kabla ya kuandika, watayarishi walifanya utafiti kuhusu maisha ya wananchi. Ulipoanza kurushwa, wasikilizaji waliandika barua na kuhojiwa, wakaeleza walivyowaelewa wahusika. Mwandishi wa mchezo kama huo hupata nafasi ya kufafanua palipoeleweka vibaya. Hata hivyo, dhamira ilikuwa na mipaka. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, aliambukizwa virusi vya Ukimwi. Hata msikilizaji aliyempenda kwa ucheshi wake hakuweza kumwokoa, kwani kumwokoa kungevunja lengo la mchezo wenyewe.

Basi unapojibu, tenganisha mambo mawili: maoni yanayogusa usawiri au msuko, na maoni yanayodai dhamira ibadilike. Ya kwanza mwandishi huyapokea kwa urahisi zaidi. Ya pili ni mgogoro halisi, na hapo jenga hoja zako.

Swali la marudio
Chagua mhusika mmoja katika Nguu za Jadi. Chukulia kuwa riwaya ingetolewa sura moja kila mwezi. Jadili maoni ambayo wasomaji wa Bomet au Kericho wangemtumia mwandishi kumhusu mhusika huyo, na ueleze yapi angeyakubali bila kuharibu dhamira yake. (alama 20)