Jopo la Ushauri: Istilahi na Mipaka Yake

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri ni ile ya kundi la mabingwa wanaomshauri kiongozi pasipo wadhifa rasmi, au wanaojibu maswali ya umma. Jina la dhana hii lilienea nchini Marekani mwaka 1932, Franklin Roosevelt alipowakusanya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia, akiwemo Raymond Moley, wamshauri katika kampeni yake ya urais. Mwaka 1941 redio ya BBC ilianzisha kipindi ambacho baadaye kilipewa jina kama hilo, ambamo mabingwa walijibu maswali ya wasikilizaji. Neno kwa neno, jina hilo lingekuwa "amana ya bongo", tafsiri isiyomfikishia msomaji maana yoyote.

Kiswahili kina maneno ya karibu, lakini kila moja lina uzito wake. Tume hupewa hadidu za rejea. Kamati hutokana na chombo kikubwa zaidi. Hata "wazee wa baraza" hutatanisha. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kama ilivyotungwa, kura zao zilihesabiwa katika mahakama ya mwanzo. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, maoni yao hayakumfunga jaji wa Mahakama Kuu. Jina moja, nguvu mbili. Jopo nalo halitoshi peke yake, kwani jopo la majaji hutoa hukumu.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Tuchukulie kwamba katika Kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mtendaji wa kijiji amewaita mwalimu mstaafu, bwana shamba na wazee wawili, wamshauri juu ya mpaka wa malisho na mashamba ya alizeti. Barua ikisema "kamati imeamua", mkulima ataliacha shamba lake akidhani ni amri. Hali kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mambo ya kijiji yamo mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Ikisema "jopo la ushauri limependekeza", mkulima atajua kwamba bado anayo nafasi ya kusikilizwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "jopo la ushauri" kwa wanaomshauri kiongozi, na "jopo la mabingwa" kwa wanaojibu maswali ya umma. Kitenzi nacho kichungwe: jopo la ushauri hupendekeza, haliamui.