Roger Ebert na Hukumu ya Ijumaa

Nchini Marekani filamu mpya kwa desturi huanza kuonyeshwa Ijumaa, na asubuhi ya siku hiyohiyo gazeti huwa limeshatoa hukumu yake. Anayeitoa ni mhakiki. Ameitazama filamu siku chache kabla, katika chumba kidogo cha maonyesho pamoja na waandishi wenzake, akiandika dondoo gizani, kisha ameketi kuieleza kabla mlipa tiketi yeyote hajaiona. Hana maoni ya umma ya kuegemea, wala mapato ya milangoni ya kumwonyesha upepo unavumia wapi. Ana saa chache na nafasi ya maneno mia kadhaa.

Kwa miaka 46 kazi hiyo ilikuwa ya Roger Ebert katika gazeti la Chicago Sun-Times. Alikabidhiwa safu ya filamu Aprili 1967, akiwa na umri wa miaka 24, na hakuiacha mpaka alipofariki dunia Aprili 4, 2013. Mwaka 1975 alitunukiwa Pulitzer, na hakuna mhakiki wa filamu aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Kulikuwa na wenye kalamu kali kumzidi. Pauline Kael wa The New Yorker alikuwa mmoja wao. Lakini ni vigumu kumpata mwingine ambaye hukumu zake, pamoja na zile alizoteleza, zinaonyesha wazi kiasi hicho jinsi filamu mpya inavyopimwa.

Jina lake lilianza kusikika mapema. Agosti 1967 ilitoka Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn, Warren Beatty na Faye Dunaway wakiwa waigizaji wakuu. Ilisimulia habari za majambazi wawili walioishi kweli katika miaka ya 1930, nayo iliwatatiza watu kwa sababu majambazi hao wanachekesha na wanapendeza, halafu ghafla damu inamwagika. Bosley Crowther, mhakiki wa The New York Times tangu 1940, aliiponda, kisha akarudia kuiponda. Machoni pake, kuchanganya mzaha na mauaji ulikuwa utovu wa adabu. Joe Morgenstern wa jarida la Newsweek naye aliiponda, lakini akarudi kuitazama akiwa ameketi na watazamaji wa kawaida, na wiki iliyofuata akaandika uhakiki wa pili wa kuufuta ule wa kwanza. Ebert, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi sita kazini, aliipa nyota nne. Hakukanusha alichokiona Crowther. Alikubali kwamba filamu ni katili na yenye huruma, inachekesha na inaumiza, ila yeye aliona kwamba mchanganyiko huo ndio ukweli wake. Bonnie and Clyde iliteuliwa kuwania Oscar kumi ikapata mbili, na mapema 1968 Crowther akaachia nafasi yake. Watu wawili walikuwa wameona jambo lilelile kwenye pazia. Mmoja aliuliza kama linaruhusiwa, mwingine akauliza linafanya kazi gani.

Swali hilo la pili ndilo lililoiongoza kazi ya Ebert miaka yote. Kanuni yake, aliyoirudia mara nyingi, ni kwamba uzito wa filamu hauko katika jambo inalolihusu, uko katika namna inavyolihusu. Kisa cha maana kikisimuliwa ovyo hutoa filamu mbovu, na kisa chepesi kikipata mwongozaji makini kinaweza kuwa kazi ya kukumbukwa. Kwa hiyo uhakiki wake haukuishia kwenye muhtasari wa hadithi, kosa la kawaida la wanaoanza kazi hii. Alieleza kamera imekaa wapi, mwigizaji anafanya nini asiposema kitu, onyesho linakatwa wapi na kwa nini. Jicho hilo alilinoa hadharani. Kwa miaka mingi, kwenye mkutano wa Boulder, jimboni Colorado, alionyesha filamu moja kwa siku kadhaa, na mtu yeyote ukumbini aliruhusiwa kusema "simama" ili picha iliyo mbele yao ijadiliwe.

Nyota ni jambo jingine. Kipimo chake kilikuwa na nyota nne, na wasomaji wengi hawakusoma zaidi ya hapo. Mwaka 2004, alipokuwa akihakiki Shaolin Soccer, kichekesho cha Hong Kong kinachochanganya kandanda na kung fu, alieleza kwamba nyota zake hazilinganishi filamu zote za dunia kwa mizani moja. Mtu anayeuliza kama Hellboy inafaa hataki kujua inasimamaje mbele ya Mystic River, tamthilia nzito ya Clint Eastwood. Anataka kujua inasimamaje mbele ya The Punisher, filamu ya mashujaa wa katuni kama yenyewe. Kama Superman ina nne, basi Hellboy ina tatu na The Punisher mbili. Maelezo hayo ni ya haki kwa filamu za burudani, ambazo wahakiki wengi huzitazama kwa pua juu. Yana shida yake pia, kwani nyota tatu za kichekesho na nyota tatu za filamu ya vita huchapwa sawasawa, na msomaji mwenye haraka hawezi kujua tofauti.

Udhaifu huo unaonekana vizuri kwa Gladiator ya mwaka 2000. Ebert aliipa nyota mbili tu. Alilalamika kwamba picha zake ni hafifu na zenye ukungu, kwamba uwanja wa Colosseum uliotengenezwa kwa kompyuta unafanana na mchezo wa video, na kwamba wahusika wamejaa kinyongo na huzuni kiasi cha kuinyima hadithi raha. Ikatwaa Oscar tano, pamoja na ya filamu bora na ya steringi wake, Russell Crowe. Anayeitazama leo atakubali kwamba kuhusu uwanja ule Ebert hakukosea, na atashangaa jinsi alivyompuuza Crowe. Nyota mbili haziwezi kusema yote mawili kwa pamoja. Aya zake zinaweza, na msomaji aliyezisoma alikuwa na hoja za kupingana nazo.

Zipo hukumu alizozitoa kwa misingi ya maadili. Blue Velvet ya David Lynch, ya mwaka 1986, aliipa nyota moja, kwa sababu aliona mwigizaji Isabella Rossellini amewekwa katika maonyesho ya kudhalilishwa ambayo filamu yenyewe haikuyapa uzito uliostahili. Gene Siskel wa Chicago Tribune, gazeti pinzani, aliisifu filamu hiyohiyo. Wawili hao walikuwa pamoja kwenye runinga tangu 1975, wakibishana kuhusu filamu za wiki, na ishara yao ya kidole gumba, juu au chini, ikaenea hadi wakaisajili kuwa alama ya biashara. Studio zilipenda kuchapa habari za magumba mawili kwenye mabango. Ebert mwenyewe alijua kwamba gumba lina maneno machache hata kuliko nyota, lakini runinga ilimpa kitu ambacho gazeti halikuwa nacho: mtazamaji aliona wenye ujuzi wawili wakikosana kwa hoja, bila mmoja kulazimika kushinda.

Runinga hiyo pia iliweza kuiinua filamu isiyo na fedha za matangazo. Januari 1994 Hoop Dreams, filamu halisi (dokyumentari) ya Steve James, ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Ina urefu wa karibu saa tatu, na inawafuata kwa miaka kadhaa vijana wawili weusi wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, wanaoota kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Siskel na Ebert waliizungumzia kabla haijapata hata msambazaji, na mwisho wa mwaka kila mmoja aliitaja kuwa filamu bora ya 1994. Ilipoachwa nje ya orodha ya Oscar ya filamu halisi, kelele zilizozuka zilichangia kubadilishwa kwa taratibu za uteuzi. Wahakiki hutoa msukumo wa aina hiyo pia kwa tuzo zao: mwaka 2016 huko Toronto, shirikisho lao la kimataifa, FIPRESCI, liliitunuku Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya, inayohusu marehemu waliokwama katika nyumba ya wageni porini.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa filamu aliyoichukia. Mei 2003 Vincent Gallo aliipeleka The Brown Bunny kwenye tamasha la Cannes. Yeye ndiye mwongozaji, mhariri na mwigizaji mkuu. Mwendesha pikipiki za mashindano anavuka Marekani kwa gari, akiwa na majonzi ya mwanamke anayeitwa Daisy, na kwa muda mrefu kinachoonekana ni barabara kupitia kioo cha mbele. Ukumbi ulizomea. Ebert alitamka kwamba hakuna filamu mbaya kuliko hiyo katika historia ya tamasha lile. Gallo alimjibu kwa kumtukana unene wake na hata kumlaani apate saratani. Ebert akarejesha kwamba unene unaweza kupungua, ila Gallo ataendelea kuwa aliyeongoza The Brown Bunny.

Kisha Gallo akarudi kwenye chumba cha uhariri na kukata takriban dakika 26, kutoka 118 hadi 92. Mwaka uliofuata Ebert aliitazama upya na kuipa nyota tatu. Hakuiondoa hukumu ya Cannes, kwa kuwa ilihusu filamu nyingine. Alieleza kwamba baada ya kupunguzwa, safari ile iliyokuwa ikichosha sasa ilibeba upweke wa mtu anayeendesha, na mwisho wa hadithi ukapata maana ambayo hapo awali ilikuwa imezikwa. Kwa mtu anayetaka kuelewa uhariri wa filamu, tathmini hizo mbili zina faida kuliko sura nyingi za vitabu.

Siku hizi hukumu za Ijumaa hukusanywa na tovuti. Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, huhesabu ni asilimia ngapi ya wahakiki waliipenda filamu. Ikifika 60, filamu huhesabiwa kuwa nzuri. Hesabu hiyo haipimi ubora. Wahakiki kumi wakisema filamu inapitika tu, itapata 100. Saba wakisema ni kazi ya ajabu na watatu wakaichukia, itapata 70. Blue Velvet ingeachiwa Siskel na Ebert peke yao, ingepata 50, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba mabishano yao yalihusu jinsi mwigizaji mwanamke anavyotendewa.

Ebert alijipa pia njia ya kurudi kwenye hukumu za haraka. Katika mfululizo wa insha kuhusu filamu kuu, alizitazama upya kazi za zamani bila shinikizo la Ijumaa. Groundhog Day, aliyoipa nyota tatu mwaka 1993, aliiingiza humo mwaka 2005 na kukiri kwamba aliipunja. Kuhusu The Good, the Bad and the Ugly alisema kwamba zamani aliandika sifa za filamu ya nyota nne, akatoa tatu, labda kwa sababu ilikuwa filamu ya kauboi ya Kiitaliano.

Saratani ilimnyang'anya taya la chini na sauti mwaka 2006, lakini aliendelea kuandika. Mwaka 2012 pekee alihakiki filamu 306. Siku mbili kabla ya kufariki aliwaarifu wasomaji kwamba anapunguza kazi, na kwamba tangu hapo angehakiki zile tu alizotaka mwenyewe.